Eko mbili za moyo wa mwanangu hazikubaliani, na harambee tayari imepangwa

Kwako Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muhoroni, na ninakuandikia kuhusu kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka 13. Mwishoni mwa mwaka jana alishikwa na homa pamoja na maumivu ya viungo yaliyohama kutoka goti hadi kifundo cha mguu na kisha kwenye kiwiko. Tulidhani ni malaria, mpaka alipoanza kuhema kwa kutembea tu kutoka nyumbani hadi barabarani. Hospitalini walisikia sauti ya ziada moyoni, wakasema ni homa ya baridi yabisi iliyogusa moyo, wakamlaza, na kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani tukatumwa kwenye kliniki moja ya kibinafsi mjini Kisumu akafanyiwe eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa altrasaundi.

Ripoti ya kliniki hiyo ilisema kwamba vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, inavuja sana, kwamba chumba cha chini cha kushoto kimepanuka hadi milimita 55, na kwamba EF, kipimo cha jinsi moyo unavyosukuma damu, ni asilimia 58. Aliyempima alituambia kwa mdomo kuwa moyo wa mtoto unafanya kazi kidogo tu kupita nusu, na kuwa atahitaji upasuaji. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyelipia kipimo hicho, aliunda kamati ya harambee wiki iyo hiyo ili mtoto apelekwe India.

Tangu wakati huo kijana amekuwa akipata sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, pamoja na vidonge vya kupunguza maji na vya kushusha presha. Baada ya muhula mzima wa shule tulimpeleka hospitali nyingine kwa eko ya pili. Hiyo imesema kwamba vali inavuja kwa kiasi cha wastani, chumba kile kina milimita 52 na kimeandikwa kuwa ni cha kawaida, na EF ni asilimia 64. Mtoto mwenyewe ana nafuu kubwa, hahemi tena, na anadai kurudi kwenye timu ya kandanda ya shule.

Sasa nyumba imegawanyika. Mke wangu anasema ripoti ya pili inaonyesha mtoto amepona, kwa hiyo sindano zikome, kwa kuwa kila akidungwa hulia na kuchechemea hadi kesho yake. Kaka yangu anasema ripoti ya pili haifai kuaminiwa kwa sababu kipimo kilifanywa haraka haraka, ilhali kile cha kwanza kilichukua karibu saa nzima, na kwamba ninachelewesha harambee huku mtoto akiangamia. Je, nimwamini nani? Nitafute eko ya tatu ili iamue? Na je, kumpima mara kwa mara namna hii hakumdhuru?

Mzazi Aliye Njia Panda, Muhoroni

*

Mwalimu,

Naanza na sindano, kwa sababu ndilo jambo pekee katika barua yako lisiloweza kungoja mabishano ya familia yaishe. Tafadhali zisikatwe. Homa ya baridi yabisi huanzia kooni, kwa bakteria wa streptokoka wanaowapata watoto wengi wa umri wa kwenda shule, na baada ya wiki chache kinga ya mwili yenyewe hugeuka na kushambulia viungo na vali za moyo. Kila shambulio jipya huongeza makovu juu ya yale ya zamani. Penisilini unayoizungumzia haitengenezi vali iliyokwisha kuharibika. Kazi yake ni kuzuia koo lisishikwe tena ili shambulio la pili lisitokee, na ndiyo maana nafuu ya mtoto haiwezi kuwa sababu ya kuiacha. Huko kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto na vijana 818 ambao eko ilikuwa imeonyesha dalili za mapema za ugonjwa huu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021: baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa kila baada ya wiki nne, na kwa asilimia 8.2 ya wale ambao hawakudungwa. Mwanao amekwisha kupita hatua hiyo ya mapema, kwa hiyo yeye ana la kupoteza zaidi. Mtoto ambaye moyo wake umebaki na kasoro huendelea na kinga hii kwa angalau miaka 10, na mara nyingi hadi utu uzima kabisa.

Mama yake asidhaniwe kuwa mkaidi, maana sindano hiyo inauma kweli. Mwombe muuguzi amdunge mtoto akiwa amejilaza kitandani, aipashe chupa moto kidogo mkononi, aisukume dawa polepole, na aulizie kama inaweza kuchanganywa na dawa ya ganzi, jambo linalokubalika na linalopunguza maumivu sana. Wapo wagonjwa wachache, hasa wale ambao vali zao zimeharibika vibaya na moyo umedhoofika, ambao madaktari huona ni salama zaidi kuwapa vidonge vya kila siku badala ya sindano, lakini uamuzi huo ni wa daktari wa moyo na haufanywi nyumbani.

Sasa nije kwenye ripoti zako mbili. Kaka yako na mke wako wanakubaliana juu ya jambo moja bila kujua, nalo ni kwamba moja ya ripoti hizo lazima iwe ya uongo. Mimi sioni hivyo. Nikizisoma kama ulivyoziandika, naona kwamba zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa sehemu, na kwamba kila moja imekosa kitu.

Mashine ya eko ni altrasaundi ileile mama wajawazito wanayopimwa, ila imeandaliwa kwa ajili ya moyo. Kwa mtu mzima hutuma mawimbi ya sauti yanayotetema kati ya mara milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde, na kwa watoto wadogo huzidi hapo, wakati sikio la binadamu halisikii kitu kinachopita mitetemo 20,000. Mawimbi hayo husafiri mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, hugonga ukuta wa moyo au jani la vali, kisha hurudi, na mashine hutumia muda wa kwenda na kurudi kukokotoa umbali wa kila kilichoyarudisha. Hakuna mionzi ya eksirei hapo, kwa hiyo swali lako la madhara nalijibu kwa ufupi: mtoto anaweza kupimwa mara nyingi kadiri tiba inavyohitaji.

Ugumu uko kwingine. Mawimbi hayo hayapiti vizuri kwenye mfupa wala kwenye hewa, nao moyo umezungukwa na mbavu na mapafu. Ndiyo maana mtoto wako alipakwa jeli, akalazwa kwa ubavu wa kushoto ili moyo usogee karibu na kifua, na pengine akaambiwa atoe pumzi kisha atulie. Mpimaji huchungulia kupitia nafasi chache zilizo kati ya mbavu, na lazima akate picha katikati kabisa ya chumba. Mkono ukiinama kidogo, chumba hukatwa upande na kuonekana kidogo au kikubwa kuliko kilivyo. Wapimaji wawili hodari wakiupima moyo mmoja siku moja wanaweza kutofautiana kwa milimita chache, na kwa pointi 5 au zaidi za EF. Kwa hiyo tofauti ya milimita 55 na 52, au ya asilimia 58 na 64, inaweza kuwa imetoka mkononi mwa mpimaji tu.

Inaweza pia kuwa imetoka kwa mtoto. Eko ya kwanza ilifanywa angali mgonjwa, vali ikiwa imevimba, maji yakiwa yamejaa mwilini na moyo ukienda mbio. Ya pili imefanywa baada ya miezi ya matibabu. Kwa watoto wengi, kuvuja kunakoonekana wakati wa shambulio la kwanza hupungua kweli uvimbe unapotulia, na dawa ya kushusha presha nayo hupunguza damu inayorudi nyuma kwa sababu moyo hausukumi tena dhidi ya upinzani mkubwa. Hii ndiyo habari njema ambayo huenda imo katika ripoti ya pili, na kaka yako asiitupe kwa sababu tu mpimaji hakukaa sana. Kipimo kamili cha vali za mtoto kwa kawaida huchukua nusu saa hadi saa moja, na kile cha kufuatilia jambo moja kinaweza kuwa kifupi zaidi. Linalohesabika ni picha zilizohifadhiwa.

Hata hivyo, usiegemee ripoti ya pili kwa uzito wako wote. Imeandika kwamba milimita 52 ni kawaida, nami nashuku kuwa aliyeandika alitumia jedwali la watu wazima. Kwa mwanamume mzima chumba cha chini cha kushoto kinapojaa damu kinaweza kufika milimita 58 na bado kikahesabiwa kuwa cha kawaida, lakini moyo wa mtoto hupimwa kwa kulinganishwa na urefu na uzito wake, na kwa mvulana wa miaka 13 mwenye umbo la kawaida, milimita 52 mara nyingi ni chumba kilichopanuka. Hukuniandikia uzito wake, kwa hiyo sihukumu. Ulizia tu kama hesabu hiyo ilifanywa, ambayo kwenye ripoti za watoto huandikwa kama alama Z.

Ripoti ya kwanza nayo, au tuseme maneno ya aliyeifafanua, imewatisha kwa sababu isiyo sahihi. EF ni sehemu ya damu inayotoka katika chumba cha chini cha kushoto kwa kila pigo, na moyo wenye afya hauondoi damu yote hata siku moja. Kwa watu wengi wasio na ugonjwa hutoka kati ya asilimia 55 na 70. Kwa hiyo, Mwalimu, 58 si alama ya mtihani ambayo jumla yake ni 100. Lakini sikiliza upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu hata wahudumu wa afya hulipita. Vali ya mitrali inapovuja, sehemu ya damu hurudi juu kwa urahisi badala ya kusukumwa kwenda mwilini, na mashine huihesabu damu hiyo kana kwamba ni kazi iliyofanyika. EF huonekana nzuri kuliko nguvu halisi ya msuli. Ndiyo maana kwa watu wazima wenye vali inayovuja sana, madaktari huanza kufikiria upasuaji EF inaposhuka hadi 60, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Tarakimu ileile isiyomhusu mtu mwenye vali nzima humhusu sana mwenye vali inayovuja, na kama kuvuja kwa mwanao kulikuwa kukubwa kweli, 58 ilistahili kufuatiliwa kwa makini, ingawa si kwa maneno mliyoambiwa.

Basi je, kulikuwa kukubwa au kwa wastani? Hapo ndipo Dopla huingia. Jina hilo limetokana na Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria aliyeeleza mwaka 1842 jinsi mawimbi yanavyobadilika kitu kinachoyatoa kinaposogea karibu au kwenda mbali, na mashine hutumia kanuni hiyo kupima mwendo wa damu. Damu inayokuja upande wa kifaa hupakwa rangi nyekundu, na inayokwenda mbali hupakwa buluu. (Nimewahi kusikia wazazi wakisema buluu ni damu chafu. Rangi hizo huonyesha uelekeo tu.) Damu inayovuja hutokea kama mchirizi wa rangi zilizochanganyika, na mpimaji mwenye haraka huukadiria ukubwa wake kwa macho. Mchirizi huo unadanganya. Hukua au kupungua kwa kurekebisha mashine, hubadilika na presha ya siku hiyo, na unapoteleza ukiambaa ukuta wa chumba cha juu, jambo la kawaida kwa vali iliyoathiriwa na baridi yabisi, huonekana mdogo kuliko damu yenyewe. Daktari wa moyo hupima upana wa mchirizi pale unapotokea kwenye vali, huangalia kama damu inarudi hadi kwenye mishipa inayotoka mapafuni, na huangalia ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto, kwa kuwa vali iliyovuja sana kwa muda mrefu hukipanua. Katika barua yako chumba hicho hakikutajwa popote. Tazama ripoti zote mbili tena. Kama kweli hakimo, basi kati ya wastani na sana mimi siwezi kuchagua, na wala kaka yako hawezi.

Dopla pia hutoa kipimo cha presha bila sindano yoyote. Kasi ya damu inayovuja kwenye vali ya upande wa kulia ikiwa mita 3 kwa sekunde, daktari huizidisha kwa yenyewe, kisha kwa 4, akapata 36, ambayo ni tofauti ya presha kati ya vyumba viwili vya kulia kwa milimita za zebaki. Kutokana na hapo hukadiria presha ya mapafuni, na ikiwa imepanda, ni ishara kwamba vali ya kushoto inawalemea wote walio nyuma yake. Ulizia tarakimu hiyo pia.

Sikushauri utafute eko ya tatu kwa mpimaji wa tatu asiyemjua mtoto, kwa maana utarudi nyumbani na ripoti tatu zinazogombana. Rudi katika vituo vyote viwili uombe nakala ya picha zenyewe zinazotembea, katika diski au flashi, kwa sababu maandishi ni maoni ya mtu na picha ndizo ushahidi. Kisha omba rufaa kwa daktari wa moyo wa watoto. Kutoka Muhoroni unaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, au uelekee hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Daktari huyo mmoja azitazame picha zote mbili kwa mpangilio wa tarehe, ampime mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na kuanzia hapo vipimo vya kufuatilia vifanywe katika kliniki hiyohiyo. Tarakimu za kliniki moja zikifuatana kwa mwaka mmoja zitakuambia kama chumba kinapanuka au kinarudi, jambo ambalo ripoti mbili za vituo viwili haziwezi kusema. Katika barua ya rufaa yaandikwe uzito na urefu wa mtoto, presha yake, dawa zote anazomeza na lini aliugua. Eko inayoombwa bila swali maalumu hurudi na majibu ya jumla.

Kwa kweli swali la vali hii ndilo lililozaa kipimo chenyewe. Huko Lund, Uswidi, mwaka 1953, daktari Inge Edler alikuwa akihangaika kujua ni wagonjwa gani wenye vali ya mitrali iliyoharibika wangefaidika na upasuaji. Yeye na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz waliazima mashine iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma katika karakana ya meli, wakaielekeza kifuani. Mpaka leo kazi ya eko katika ugonjwa huu ni kuamua nani apasuliwe, lini, na kwa namna gani, na haiamui peke yake bila dalili za mgonjwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kaka yako, ingawa moyo wake wa kusaidia unastahili heshima. Kwa mtoto, madaktari hupenda kuikarabati vali yake kuliko kumwekea ya bandia, kwa sababu ile ya chuma haikui naye na itamlazimu kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara, maisha yake yote. Upasuaji unaofanywa mapema mno una gharama yake, na unaocheleweshwa pia. Kamati isivunjwe, lakini isitangaze kiasi cha pesa za upasuaji ambao hakuna daktari wa moyo aliyeupendekeza kwa maandishi. Pesa zilizokusanywa zilipe nauli ya kliniki, dawa, na michango ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Hakikisheni jina la mtoto limo katika orodha ya wategemezi wako, na muulize hospitali kabla ya safari ni gharama zipi zinazolipiwa. Hata ikithibitika kwamba anahitaji upasuaji, moyo hupasuliwa Eldoret, hupasuliwa katika hospitali ya Tenwek kule Bomet, na hupasuliwa Nairobi. India si mlango wa kwanza.

Kuhusu kandanda, kijana aende shule, atembee, afanye kazi nyepesi za nyumbani, lakini asishindane uwanjani mpaka daktari asome picha zote. Mwambie mwalimu wa michezo wewe mwenyewe, maana mtoto aliyepata nafuu hatamwambia. Apige mswaki kwa bidii na aonwe na daktari wa meno, kwa sababu bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu hupenda kujishika kwenye vali yenye makovu. Akianza tena kuhema akiwa amelala chali, akiamka usiku kutafuta pumzi, akivimba miguu, akizimia, au akipata homa isiyoisha kwa siku kadhaa, asingoje tarehe ya kliniki bali apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na akilalamika koo, atibiwe, hata kama sindano yake ilikuwa wiki iliyopita.

Sindano inayofuata isipite tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kadi hiyo itie katika bahasha ileile yenye diski na ripoti zote mbili, kwa kuwa daktari wa moyo atataka kujua ni sindano ngapi zilizokosekana kabla hajaamua kama mabadiliko anayoyaona ni ya vali au ni ya shambulio jipya.